Kompyuta ya gemu ukiwa Kigoma: anza na boksi

Nilipoteza nauli ya mzigo na wiki mbili za kusubiri kwa sababu ya sentimita nne.

Nilikuwa na kompyuta ya Dell niliyoipata kwenye ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha vifaa. Ilikuwa safi, Core i5, ile ya umbo jembamba inayolazwa mezani na monita ikakaa juu yake. Nikaagiza kadi ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, kutoka Dar es Salaam. Ikaja na basi, nikaipokea stendi, nikapanda nayo bodaboda mpaka Mwanga, hapahapa Kigoma mjini, nimeipakata kama trei ya mayai. Nikafungua mfuniko, nikaishusha kadi taratibu kwenye nafasi yake, na bati lake la nyuma likagota kwenye ukingo wa boksi. Bati la kadi ya kawaida lina urefu wa sentimita 12. Boksi langu lilitaka la sentimita 8. Nikang'oa bati, nikachomeka kadi hivyohivyo na kuuacha mfuniko wazi. Nilicheza kwa raha siku kadhaa, mpaka mjusi kafiri alipoona ile feni inafaa kulalia. Yaliyofuata nakuachia uyawaze mwenyewe.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na prosesa, ule ubongo wa kompyuta. Aliye karibu na Kariakoo akikosea anarudi dukani siku hiyohiyo. Sisi huku mwisho wa reli tuko zaidi ya kilomita 1,250 kutoka Dar, na kila kosa lina nauli ya kwenda na nauli ya kurudi.

Hatua ya 1: Andika majina ya gemu

Chukua karatasi uandike gemu tatu au nne unazotaka kucheza, kwa majina. "Nataka kompyuta ya gemu" ni sentensi inayomfurahisha muuzaji tu. Anayetaka eFootball na GTA V, ambayo ilitoka kwenye kompyuta mwaka 2015, hana mahitaji sawa na anayetaka EA Sports FC. FC 25, kwa mfano, inataka angalau ramu (kumbukumbu ya muda) ya GB 8, kadi ya kiwango cha GTX 1050 Ti na nafasi ya GB 100 kwenye diski. Kila gemu ina ukurasa wake wa mahitaji kwenye Steam au Epic, maduka ya gemu ya mtandaoni. Humo utakuta safu mbili, ya kiwango cha chini na ya kiwango kinachopendekezwa. Nunua ukilenga safu ya pili, maana safu ya kwanza inakuambia tu kwamba gemu itafunguka, basi.

Nikuambie jambo ambalo muuzaji wa kompyuta hatakuambia: kama unachotaka ni mpira peke yake, wewe na wenzako sebuleni jioni, nunua pleisteshen ya mtumba. Kompyuta ya mezani ina maana kwa anayetaka pia kuhariri video, kutengeneza biti, kusoma, kufanya kazi za stesheneri, au gemu ambazo bila kipanya na kibodi hazinogi, kama Counter-Strike 2 na Dota 2, ambazo zote mbili unaweza kuzianza bure.

Hatua ya 2: Chagua boksi

Mtaani tumezoea kuliita boksi lote CPU, ingawa CPU hasa ni prosesa iliyo ndani, na sina ugomvi na hilo. Fahamu tu kwamba CPU za mtumba zilizotoka maofisini, yaani Dell OptiPlex, HP EliteDesk na Lenovo ThinkCentre, huja kwa maumbo matatu, na umbo ndilo linaloamua kila kitu kitakachofuata.

Kuna lile dogo kama kitabu kinene. Kwenye matangazo huandikwa Micro, Mini au Tiny. Liache kwa wenye maduka ya kuchapa. Hakuna pa kuweka kadi ya grafiki ya kawaida.

Kuna jembamba, lililoandikwa SFF, ambalo wengi huliita slimu. Hili ndilo lililoniponza. Linapokea kadi fupi za bati la sentimita 8 tu. Kadi hizo zipo, ila ni chache sokoni, na mara nyingi ni ghali kuliko ndugu yake mrefu mwenye nguvu ileile.

La tatu ni mnara, lile linalosimama, lililoandikwa Tower au MT. Tafuta hili. Linapokea kadi ya urefu wa kawaida, lina hewa, na hata hadi diski (hard disk) ya pili inaingia bila mieleka. Kabla hujamaliza bei, muombe muuzaji apime kwa rula, boksi likiwa wazi, kuanzia ukuta wa nyuma pale kadi inapotokea mpaka kizuizi cha kwanza mbele. Kisha linganisha na urefu wa kadi unayoitaka. Kadi zenye feni moja kwa kawaida ndizo salama.

Ndani ya mnara kuna mtego mmoja, nao ni pawa saplai, kile kifaa kinachogawa umeme ndani ya boksi. Boksi za ofisi hazikutengenezwa kwa gemu. Minara mingi ya OptiPlex ina pawa saplai ya wati 240 mpaka 290 hivi, tena bila waya wa ziada wa kulisha kadi. "Basi nitabadilisha pawa saplai." Polepole. Kuanzia OptiPlex 9020 na wenzake wa mwaka 2013, Dell waliacha plagi ya kawaida ya pini 24 kwenye madabodi (bodi kuu ya kompyuta) wakaweka ya pini 8 ya kwao wenyewe. HP nao wana za kwao. Pawa saplai ya dukani haiingii bila adapta maalumu, na adapta hiyo sijawahi kuiona ikining'inia kwenye duka lolote pale Mwanga. Njia rahisi ni kuiacha pawa saplai kama ilivyo na kuchagua kadi inayotosheka na umeme wa madabodi. Nafasi ya kadi kwenye madabodi hutoa mpaka wati 75.

Hatua ya 3: Soma namba ya prosesa

Hapa ndipo watu wanapigwa mchana kweupe. Tangazo linasema "Core i7" kwa herufi kubwa, na kijana analipa. i7 ipi? i7-2600 ni ya mwaka 2011. i5-8500 ni ya mwaka 2018, ina kori sita badala ya nne, na kwenye gemu inaiacha mbali ile i7. Tarakimu inayofuata kistari, au mbili za mwanzo kama namba ina tarakimu tano, ndiyo kizazi: 2600 ni kizazi cha pili, 6500 cha sita, 8500 cha nane, na 10400 ni cha kumi. Muuzaji akisema i5 au i7 bila namba inayofuata, hajakuambia kitu.

Mstari wangu nimeuchora kwenye kizazi cha nane, na sababu si majivuno. Windows 10 iliacha kuhudumiwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11, kwa upande wa Intel, inakubali rasmi kuanzia kizazi hicho kwenda juu, pamoja na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0. Baadhi ya gemu za mtandaoni zenye ulinzi mkali dhidi ya wadanganyifu, Valorant mojawapo, zinaidai TPM hiyo kwenye Windows 11. Kwenye Dell, kizazi cha nane ni OptiPlex 3060, 5060 na 7060.

Mfuko ukikataa, kizazi cha sita au cha saba bado kinacheza GTA V na eFootball vizuri. Kizazi cha tatu kushuka chini usikiguse hata ukipewa kwa bei ya kuku. Hakina maagizo ya AVX2 ambayo gemu kadhaa mpya zinayataka, na ramu yake ni DDR3, aina ya zamani ambayo huwezi kuihamishia kwenye mashine mpya siku ukijaliwa.

Hatua ya 4: Kadi ya grafiki

Kwenye gemu, kadi ndiyo injini, na ndiyo inayostahili kula sehemu kubwa ya bajeti. Bei sitaandika kwa sababu hupanda na kushuka na dola. Kama una shilingi za kugawa, usishangae kadi ikichukua kiasi sawa na boksi zima.

Kwa mnara wa ofisi wenye pawa saplai yake ya asili, hizi ndizo ninazozipendekeza:

RTX 3050 ya GB 6. Inatumia wati 70, haihitaji waya wa ziada. Soma vizuri hiyo namba 6. Ipo RTX 3050 ya GB 8 ambayo inataka waya wake wa umeme na inakula wati 130, nayo kwenye boksi lako haitawaka. Jina moja, kadi mbili tofauti.

GTX 1650 ya GB 4. Hii ndiyo ya wengi wetu. Nyingi hukaa ndani ya wati 75, lakini watengenezaji wengine waliiwekea tundu la pini 6 juu. Omba picha ya ukingo wa juu wa kadi. Ukiona tundu hilo, pita.

GTX 1050 Ti ya GB 4. Ni kadi ya mwaka 2016 na bado ina heshima yake, ila tangu Oktoba 2025 NVIDIA waliacha kuitolea draiva mpya za gemu, yaani programu zinazoiendesha kadi. Inunue tu kama bei imekaa kizee kama yenyewe.

RX 6400 ni ndogo na inatumia wati 53, na ndiyo hunusuru wenye slimu. Kwenye mashine za kizazi cha nane inapoteza sehemu ya nguvu zake, kwa sababu inatumia njia nne tu za kupitishia data na mashine hizo zina njia za kasi ya zamani. Ukiwa na mnara, huna haja nayo.

Sasa feki. Ziko kadi za zamani sana zilizochakachuliwa zikajitambulisha kwa jina la GTX 1050 Ti. Ukiiuliza Windows, inakuambia 1050 Ti bila aibu, maana jina limeandikwa upya ndani ya kadi yenyewe. Angalia mgongo wake. Kizazi hicho cha NVIDIA kiliacha kutoa picha kupitia VGA, ile plagi ya bluu yenye pini 15, kwa hiyo 1050 Ti yenye tundu la VGA ni ya kutiliwa shaka papo hapo. Ya pili, pakua programu ndogo ya bure iitwayo GPU-Z. Matoleo yake ya miaka hii hutambua nyingi kati ya kadi hizo na kuandika neno FAKE mbele ya jina. Muuzaji akikataa kuifungua mbele yako, umeshapata jibu.

Kama hutaki mtumba kabisa na fundi wako anajua kuunganisha vipya, kuna Ryzen 5 5600G, prosesa yenye grafiki ndani yake. Haishindani na kadi nilizotaja juu, lakini eFootball na Counter-Strike 2 inacheza ukishusha mipangilio, na kadi unaweza kuiongeza mwakani.

Hatua ya 5: Ramu na diski

Ramu GB 16, ziwe vipande viwili vya GB 8. Vipande viwili hufanya kazi sambamba, kimoja hakifanyi hivyo. Kwa mwenye 5600G hili ni la lazima, kwani grafiki yake inaazima ramu hiyohiyo.

Diski ya kuwashia iwe SSD, ile ya kasi isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Hadi diski ya kawaida inasoma MB 100 na ushee kwa sekunde, SSD ya SATA inakaribia 500. Chukua ya GB 512 kama unaweza. Hadi diski iliyokuja na boksi usiitupe, iwe ghala la gemu usizozicheza wiki hii. Kushusha GB 100 kwa bando la simu ni kujitafutia umaskini, na wengi hapa mjini tunakopiana mafaili ya gemu kwa diski ya nje, kisha kila mmoja anaingia kwa akaunti yake na kumalizia masasisho tu. Gemu za "crack", yaani za wizi zilizovunjwa kufuli, zinazozunguka kwenye fleshi nakushauri uziogope. Nimefuta virusi vyake mara nyingi kuliko nilivyonyoa ndevu.

Hatua ya 6: Monita

Chogo, ile monita ya zamani yenye mgongo mkubwa, hapana, hata la bure. Flati ya mtumba ya inchi 22 au 24 yenye 1920 kwa 1080 inatosha. Ukiwa na monita ya zamani ya 1366 kwa 768 usiione haya. Ina karibu nusu tu ya nukta za ile kubwa, kwa hiyo kadi inafanya nusu ya kazi na gemu inakimbia zaidi. Anza nayo, ubadilishe baadaye.

Angalia plagi. Kama utaanza bila kadi, OptiPlex nyingi nyuma zina DisplayPort, si HDMI. Uliza mapema ununue adapta pamoja na mzigo.

Hatua ya 7: Umeme wetu

Aliyekulia Kigoma enzi za majenereta ya dizeli, kabla ya gridi ya taifa kufika, hahitaji kufundishwa kuhusu umeme. Gridi imetusaidia, lakini kukatika bado kupo, na hatari kubwa iko kwenye kurudi. Unarudi kwa kishindo, friji za mtaa mzima zinawaka pamoja, na pawa saplai ndiyo inayopokea kofi.

Nunua UPS, lile boksi la betri linaloshika umeme ukikatika, kabla ya kununua kibodi yenye taa za rangi. Ya VA 650 kwa kawaida hubeba wati 360 hadi 390, soma kibandiko chake, na inakuachia dakika chache za kuhifadhi gemu na kuzima kistaarabu. Usimalizie mechi. Umeme ukikatika na huna UPS, chomoa plagi ukutani, ukirudi subiri dakika tano ndipo uchomeke.

Na LUKU? Tuseme boksi na monita vinatumia wati 200 ukiwa kwenye gemu. Saa tatu kwa siku ni uniti 0.6, mwezi mzima uniti 18. Kama nyumbani mko kwenye ile tarifu ya matumizi madogo yenye kikomo cha uniti 75 kwa mwezi, 18 zinaweza kuwavusha, na baba mwenye nyumba atataka kujua nani. Zungumzeni mapema.

Hatua ya 8: Kununua kwa mbali

Bei ya Dar itakuvutia. Nimefanya hesabu hii mara kadhaa kwa watu: toa nauli ya mzigo, toa bodaboda, toa hatari, na mara nyingi tofauti inayobaki ni ndogo kuliko thamani ya kuwasha mashine mbele ya macho yako pale Mwanga au Gungu na kumjua aliyekuuzia anakaa wapi. Kama Kigoma hakuna unachotaka, muandikie muuzaji hivi kabla ya kutuma hata shilingi:

"Habari bosi. Niko Kigoma. Naomba picha ya kibandiko cha nyuma chenye Service Tag, picha ya ndani mfuniko ukiwa wazi, halafu tupigiane simu ya video mashine ikiwa imewaka. Nikiridhika natuma."

Service Tag ni ile namba fupi ya herufi na tarakimu kwenye Dell. Iingize kwenye tovuti ya Dell utaona mashine ilitoka kiwandani na vitu gani. Kwenye simu ya video mwambie abonyeze kitufe cha Windows pamoja na R, aandike dxdiag. Ukurasa wa kwanza unaonyesha prosesa kwa namba yake kamili na ramu, wa Display unaonyesha kadi. Afungue na programu ya CrystalDiskInfo uone afya ya diski. Mwisho aiwashe gemu yoyote dakika kumi huku simu ikiwa karibu na boksi, usikilize feni. Muuzaji mwenye mali safi hana haraka.

Risiti ya EFD, na muda wa dhamana uandikwe juu yake kwa mkono. Kisha kufunga mzigo: kadi ing'olewe isafiri kwenye mfuko wake na boksi lake. Ikiachwa imechomekwa, uzito wake unaning'inia kwenye tundu la madabodi kwa kila rasta na kila shimo la barabarani. Monita ifungwe peke yake, kioo kikitazama kadibodi ngumu. Ukipata mtu unayemfahamu anayekuja, kadi aishike mkononi.

Hatua ya 9: Siku ya kwanza

Iweke juu ya meza au stuli, isikae sakafuni. Kiangazi vumbi letu jekundu linaingia hata kwenye sabuni. Acha kiganja kimoja cha nafasi nyuma yake, na matundu yasiyotumika uyazibe kwa wavu mwembamba, kwa wale jamaa wa kwenye kuta.

Waya wa monita uchomeke kwenye kadi, zile plagi za chini zilizolala, usiuchomeke kwenye madabodi juu. Nimeitwa majumbani mara nne kwa malalamiko ya "kadi feki", na mara tatu kati ya hizo waya ulikuwa juu. Shusha draiva kutoka tovuti ya NVIDIA au AMD yenyewe.

Kisha fungua gemu nzito kuliko zote kwenye karatasi yako na uicheze dakika arobaini bila kupumzika. GPU-Z itakuonyesha joto la kadi. Chini ya nyuzi 80 uko vizuri. Ikipanda mpaka 90, au mashine ikizima yenyewe, usianze kufungua skrubu. Rekodi video ya skrini kwa simu, mtumie muuzaji jioni hiyohiyo, na boksi la katoni lisiende kuwashia jiko la mama mpaka dhamana iishe.